Ile Tisa Imetoka Wapi

Grasiana Yordani alipofika Sindeni kufundisha, kitu cha kwanza alichofanya ni kuikataa nyumba aliyopewa. Nyumba yenyewe haikuwa mbaya. Ilikuwa na bati, na choo chake kilisimama wima. Aliikataa kwa sababu mtu anayekubali la kwanza haongezewi la pili. Akazunguka uani akiguna, akigonga ukuta kwa kidole kama anayekagua mbuzi mgonjwa, mpaka wenyeji wakamwongezea kipande cha shamba nyuma ya jiko, pa kupanda maharage. Hapo akasema, haya, nitajaribu. Ukweli ni kwamba angeichukua hata bila mlango, lakini hilo alilijua yeye peke yake.

Alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Babu yake aliletwa kutoka mbali kukata mkonge, baba yake akakata, na kaka yake Ernesti anakata mpaka leo. Lugha ya kwao huko mbali Grasiana anajua salamu tu, na hata hizo huzichanganya. Alipokuwa msichana aliitazama mikono ya Ernesti, jinsi miiba ilivyoichora, akaamua yeye atauza vitumbua. Akauza. Stendi ya Korogwe ilimfundisha kumtambua abiria mwenye njaa na abiria anayeuliza bei kupoteza muda tu mpaka basi liondoke. Kwa vitumbua akalipa chuo cha ualimu, akapata cheti, akakifunga kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Kisha akaomba ajira serikalini. Akaomba tena. Walipokuja wazazi wa Sindeni kutafuta mwalimu wa kujitolea wa darasa la tatu, kwa mapatano kwamba kila nyumba itatoa debe la mahindi kila muhula, hakuuliza mara mbili. Debe la mahindi linasagika. Barua ya maombi haisagiki.

Watoto aliwakuta wazima, wanajua kusoma, wanajua kujumlisha, na kutoa wanajua vizuri kabisa mpaka wakutane na sifuri.

Ukiwaandikia ubaoni mia nne sitini na tatu, toa mia moja ishirini na nane, walikuwa wanapita kama maji. Tatu haitoi nane, nenda kwa makumi, chukua moja, sita inabaki tano, endelea. Lakini ukiandika 403 toa 168, darasa zima lilisimama kama limeona nyoka. Tatu haitoi nane, sawa. Nenda kwa makumi. Kwa makumi pana sifuri. Sasa?

Nusu ya darasa waligeuza hesabu juu chini. Nane toa tatu, tano. Sita toa sifuri, sita. Nne toa moja, tatu. Jibu 365, na wanaandika kwa mwandiko mzuri. Wengine walichukua moja kwa sifuri, na sifuri wakaiacha hivyohivyo, kama aliyechota kwenye mtungi mkavu na bado akapata maji.

"Sifuri ina nini?" Grasiana aliwauliza.

"Haina kitu, mwalimu!"

"Sasa wewe umechukua nini hapo?"

"Moja, mwalimu!"

Mtu aliyefundishwa na stendi hapotezi muda kubishana na ubao. Alichofanya ni kukata mabua ya mahindi vipande vipande. Kipande kimoja ni moja. Vipande kumi vikifungwa pamoja ni tita, yaani kumi. Matita kumi yakifungwa pamoja ni bunda, yaani mia. Akachora nyumba tatu sakafuni kwa chaki, ya mamia, ya makumi na ya mamoja, akawaambia: nyumba ya katikati ikiwa tupu, usiilazimishe kutoa. Pita mlangoni kwake, nenda kwa jirani wa mamia, ufungue bunda moja. Yatatoka matita kumi. Yaweke kwenye nyumba ya katikati. Sasa ile nyumba ina mali. Chukua tita moja, lifungue, peleka vipande kwenye mamoja. Nyumba ya katikati imebakiwa na ngapi?

"Tisa!"

Ndiyo maana kwenye daftari, juu ya ile sifuri, wakawa wanaandika tisa ndogo. Na hiyo tisa ndogo ndiyo iliyoleta maneno.

Mvua mwaka ule ziligoma. Sindeni walivuna kidogo, kijiji jirani cha Kwedizinga kidogo zaidi, na debe la mahindi la mwalimu likaanza kuonekana kubwa kuliko lilivyokuwa. Kikaitishwa kikao cha wazazi, Jumamosi, kuamua kama Grasiana aendelee au arudi kwao. Mwalimu mkuu, Muhsin, mtu mpole anayeogopa kugombana hata na kuku, alimwita pembeni.

"Mwalimu Grasiana, Mzee Mhina ana neno lake kuhusu wewe."

Mzee Mhina alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mkulima wa mahindi na machungwa, na kikao kilikuwa kinaelekea anakoelekea yeye.

"Neno gani?"

"Tisa."

"Tisa nini?"

"Hakusema. Alisema tu, huyo mwalimu wenu ana tisa yake. Akaondoka."

Grasiana hakungoja Jumamosi. Ukisubiri mteja aje na bei yake, umeshashindwa nusu ya biashara. Jioni hiyohiyo, jua likiwa bado juu, akaenda kwa Mzee Mhina, akamkuta anageuza mahindi kwenye turubai. Mjukuu wake Hajira, mwanafunzi wa darasa la tatu, alipomwona mwalimu anaingia alijificha nyuma ya mlango wa jiko, akaacha miguu nje.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Hajira, leta kigoda, naona miguu yako hapo!"

Kigoda kikaja. Wakaulizana hali, wakaulizana shamba, wakailaani mvua. Kisha mzee akaacha kugeuza mahindi.

"Mwalimu, mimi si mtu wa kusema nyuma ya mtu. Niliwapakilia watu machungwa hapa. Lundo lilikuwa na mia nne na tatu. Walipoondoka na mia moja sitini na nane, nikamwambia huyu mtoto, nihesabie yaliyobaki. Akaandika. Jibu akapata. Lakini juu ya sifuri ameweka tisa! Nikamuuliza, hii tisa imetoka wapi? Ananiambia, kwa jirani."

"Ni kweli, babu, imetoka kwa jirani."

"Jirani ana nne! Mwenye nne anatoaje tisa?"

Hajira alicheka jikoni. Mzee akageuka, kicheko kikakatika.

"Sisi," mzee akaendelea, na akachukua kijiti akachora kwenye vumbi, "tulifundishwa hivi. Tatu haitoi nane. Kopa kumi, inakuwa kumi na tatu. Toa nane, tano. Umekopa, sasa lipa. Lipa moja huku chini, sita inakuwa saba. Sifuri haitoi saba, kopa tena kumi. Kumi toa saba, tatu. Lipa moja chini, moja inakuwa mbili. Nne toa mbili, mbili. Mia mbili thelathini na tano. Nimekopa mara mbili, nimelipa mara mbili, sina deni na mtu. Nyie mnakopa, mnajaza tisa ambazo hakuna aliyeziona, na kulipa hamlipi!"

"Lakini jibu ni lilelile, babu."

"Jibu siulizi. Hata mwizi anafika nyumbani kwake. Mimi namuuliza amepita wapi."

Grasiana akayatazama yale maandishi ya vumbini. Njia ya mzee ilikuwa safi, na mwenyewe alijua ni safi. Kumwambia amekosea kungekuwa uongo na pia ujinga, maana mwenyekiti ndiye yeye.

"Babu," akasema, "Jumamosi nitakuonyesha hizo tisa. Utazishika kwa mikono yako."

"Nikizishika, nitanyamaza."

"Kunyamaza kwako hakunifai. Ukizishika, utasimama mbele ya wazazi useme mwalimu abaki."

Mzee akakuna kidevu. Alikuwa amezoea kupatana na wanunuzi wa machungwa, akaitambua njia ya mwenzake.

"Na nisipozishika?"

"Nitafunga mizigo. Hamtapata hata shida ya kupiga kura."

"Hajira!" mzee akaita. "Umesikia? Wewe ni shahidi."

"Nimesikia babu," sauti ikajibu kutoka jikoni.

Alipotoka pale Grasiana alijua amejiweka pabaya. Akikosa Jumamosi, ni kurudi kambini kwa Ernesti, chumba kimoja na watoto wa Ernesti, na kikaango cha vitumbua. Si kifo. Lakini maharage yake nyuma ya jiko yalikuwa ndiyo yanatoa maua.

Asubuhi yake akafika darasani akakuta mbuzi. Darasa la tatu halikuwa na mlango, na mbuzi wa pale kijijini hawahitaji kualikwa. Mabunda yote ya mabua yalikuwa yameliwa, mamia kwa makumi, zikabaki kamba tu na mbuzi mmoja mwenye uso wa kushiba, anatafuna mamoja ya mwisho.

Angeweza kuwatuma watoto wakate vijiti vingine. Lakini matita yaliyofungwa na watoto aliyajua: hili lina kumi na moja, lile lina tisa, na lingine linafunguka ukipiga chafya karibu yake. Kwa Mzee Mhina hakutaka kumi ya kubahatisha. Mtu wa kumfungia matita ya uhakika alikuwa mmoja tu duniani, na huyo hakuwa na haja ya kulipwa. Akapiga simu Korogwe.

"Kaka Ernesti, nikatie vijiti vyembamba, virefu kama kalamu. Nifungie matita, halafu matita kumi kumi unafunga pamoja yawe bunda. Nataka mabunda manne. Na vijiti vitatu vya kubaki."

"Vitatu vya nini?"

"Vya hesabu."

"Ya nani?"

"Ya shule, Ernesti! Na uhesabu vizuri."

"Mimi?" Ernesti alisikika ameumia kweli. "Tangu nianze kazi, msimamizi hajawahi kunirudishia tita hata moja. Hata moja, Grasiana!"

Grasiana akatulia. Ernesti akisema amehesabu, amehesabu.

Mzigo ulitakiwa kufika Ijumaa. Ukafika Jumamosi, kwa basi la asubuhi la kutoka Korogwe kuja Handeni, na kutoka Handeni akauleta Sabiri wa bodaboda, wazazi wakiwa wameshakaa. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani, na Bi Faudhia, mama mmoja anayeuza samaki wakavu na ambaye mdomo wake hausubiri mwenyekiti, alikuwa ameshalalamika kwamba dawati limemshika na hatatoka mpaka litafutwe shoka.

"Mwalimu," Sabiri alisema akishusha gunia, "humu umeweka mawe? Pikipiki ilikuwa inanyanyua tairi la mbele kila mlima."

"Vijiti tu."

"Vijiti gani hivi! Basi niongeze kidogo."

"Umechelewa, na bado unaomba nyongeza? Nenda bwana, Sabiri, kesho tutaonana."

Gunia lilikuwa zito, hilo Grasiana aliligundua mwenyewe alipoliburuta. Akajisemea vijiti ni vibichi. Mwanamke huyu hajawahi kununua hata fungu la nyanya bila kuligeuza chini juu, lakini mzigo wa kaka yake hakuufungua, na muda haukuwapo. Mwalimu mkuu Muhsin alikuwa ameshasoma dua ya kufungua kikao na macho yote yalikuwa kwake.

Mzee Mhina akasimama. Alivaa kofia yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumamosi.

"Wazazi wenzangu, mnajua hali ya mahindi. Kabla hatujasema debe liendelee au lisiendelee, tunataka kujua tunanunua nini. Mimi na mwalimu tuna mapatano." Akayaeleza yote, bila kuficha lake wala kuongeza la mwenzake. Kisha akachukua chaki, akaandika 403, chini yake 168, akafanya hesabu kwa njia yake, kopa na lipa, kopa na lipa, akapigia mstari 235.

Wazee kadhaa wakaitikia kwa vichwa. Ndivyo walivyofundishwa.

"Hajira," mzee akasema, "njoo. Na wewe fanya ya kwenu. Lakini useme kila unachofanya."

Hajira akatoka mbele, gauni la shule limepigwa pasi mpaka linakata. Kabla hajagusa gunia akautazama ubao wa babu yake kwa muda.

"Babu, hapa umekopa kumi?"

"Ndiyo."

"Na hapa umelipa moja?"

"Ndiyo."

"Umekopa kumi, umelipa moja?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Bi Faudhia akapiga dawati kwa viganja. "Hajira, muulize! Muulize huyo, maana hata mimi akinikopa samaki hulipa hivyo hivyo!"

"Ile moja ni moja ya makumi!" mzee akasema, sauti imepanda. "Ni kumi ileile! Hebu fanya ya kwako wewe mtoto, usinihoji mimi!" Lakini mdomo wake ulikuwa unapigana na tabasamu, maana mwenye kumhoji alikuwa wa kwake.

Hajira akatoa mabunda manne, akayapanga kwenye meza iliyochorwa zile nyumba tatu kwa chaki, upande wa mamia. Vijiti vitatu akaviweka upande wa mamoja. Katikati hakuweka kitu.

"Tatu haitoi nane," akaanza. "Naenda kwa makumi. Kwa makumi hakuna kitu. Napita. Naenda kwa mamia, nafungua bunda moja." Akafungua kamba ya katani. "Yametoka matita kumi. Nayaweka kwa makumi. Sasa nachukua tita moja, nalifungua, napeleka kwa mamoja."

Akavuta kamba.

Vijiti vikamwagika. Vikaendelea kumwagika. Vikajaza upande wa mamoja, vikavuka mpaka wa chaki, vingine vikadondoka sakafuni na kuviringika mpaka kwenye ndala za Mwalimu Muhsin.

Hajira akasimama na kamba mkononi.

"Mwalimu."

"Endelea."

"Mwalimu, hivi si kumi."

"Vihesabu."

Akavitenga vile vitatu vya mwanzo, akahesabu, na darasa zima la watu wazima likahesabu naye, kwa sauti, na walipopita kumi bila kusimama vicheko vikaanza, na walipofika ishirini Mwalimu Muhsin alikuwa ameficha uso kwenye kitabu cha mahudhurio, na walipofika thelathini ndipo vijiti vikaisha, pamoja na vya sakafuni.

"Jamani!" Bi Faudhia akasema. "Kumi ya Korogwe ni lumbesa, kama gunia la viazi!"

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Mzee Mhina hakucheka. Alikuwa amekunja mikono, amesimama kama mtu aliyeona mzani wa mnunuzi unacheza.

Grasiana akatoa simu. Akaweka sauti kubwa, maana kufichaficha sasa kungekuwa kubaya zaidi.

"Ernesti! Tita umeweka vijiti vingapi?"

"Salamu kwanza, dada yangu."

"Hujambo. Tita lina vijiti vingapi?"

"Vingapi tena? Thelathini."

"Kwa nini thelathini?"

Sauti ya Ernesti ikaja taratibu, ya mtu anayezungumza na mgonjwa. "Grasiana. Tita ni majani thelathini. Baba alifunga thelathini. Mimi nafunga thelathini. Wewe ulikuwa unatubebea kamba, ukilia ukiambiwa uhesabu thelathini. Umekaa Handeni kidogo tu umesahau tita? Kuna moja limepungua? Niambie ukweli, kuna moja limepungua?"

"Hakuna lililopungua, kaka."

"Basi," Ernesti akasema, akakata simu.

Hapo hata Mzee Mhina alishindwa. Akacheka kichinichini, mabega yakitikisika, kisha akajikaza.

"Mwalimu, sasa?"

Grasiana alisimama mbele ya kile kilima cha vijiti. Makosa yalikuwa yake. Alisema matita, akafikiri kumi, akamwambia mtu ambaye mikono yake imefunga thelathini maisha yake yote. Angeweza kuomba kikao kiahirishwe. Lakini mteja ukimwacha aondoke kwenda kufikiria, hurudi na bei nyingine, au harudi. Akaitazama meza kama alivyokuwa akilitazama sinia la vitumbua jioni: kilichoharibika ni kipi, na kinachouzika ni kipi. Akaona kinachouzika kipo katikati ya meza, kimekaa kimya, hakuna anayekitazama.

"Babu, njoo hapa mezani. Njoo ushike."

Mzee akaja.

"Usitazame vijiti. Tazama nyumba ya katikati. Ilikuwa na nini mwanzo?"

"Ilikuwa tupu."

"Sasa ina nini?"

Mzee akaanza kuhesabu matita kwa kidole, kisha kidole hakikumtosha, akayakusanya moja moja mkononi, mkono ukajaa, akayakumbata kifuani kama kuni. La mwisho alilibana kwa kidevu.

"Tisa," akasema, na kwa sababu ya kidevu ilisikika kama anaguna.

"Sema kwa sauti, Mzee Mhina!" Bi Faudhia akapiga kelele. "Huku nyuma tumebanwa na madawati!"

"Tisa!"

"Zimetoka wapi?"

Mzee akatazama pale palipokuwa na bunda la nne. Palikuwa na kamba tu. Akatazama matita kifuani kwake. Akatazama lile tita la kumi, limemwagika lote upande wa mamoja. 

"Bunda lilikuwa la matita kumi," akasema polepole. "Moja amelifungua. Tisa yamebaki." Kisha akakumbuka ugomvi wake. "Lakini matita yako ni ya thelathini, mwalimu!"

"Yawe ya thelathini, yawe ya mia, babu. Bunda likifunguliwa hutoa kumi, moja ukilifungua yanabaki tisa. Ernesti ameharibu vijiti, tisa hajaiharibu. Na hapa hakuna aliyekopa. Mali yote ni yetu, ilikuwa imefungwa, tumefungua. Ndiyo maana hatulipi."

"Mwalimu," Hajira akauliza, "kwenye ubao niandike tano au ishirini na tano?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na Grasiana alimkazia macho ya kumsifu bila kumsifu.

"Ubaoni tita ni la kumi. Vijiti ishirini vya mjomba Ernesti virudishe kwenye gunia, halafu umalize."

Hajira akarudisha. Kumi na tatu toa nane, tano. Akamgeukia babu yake, ambaye bado alikuwa amekumbatia nyumba nzima ya makumi, akamchomolea sita kifuani bila kuomba ruhusa. Yakabaki matatu. Mabunda matatu toa moja, mawili. Akaandika 235 pembeni ya ile ya babu, zikakaa sambamba.

Mzee Mhina akaweka matita yake matatu mezani, akajipangusa kifua, akawageukia wazazi.

"Nimezishika. Mapatano ni mapatano. Mwalimu abaki, muhula huu unaokuja."

Wazazi wakaanza kupiga makofi. Grasiana hakupiga.

"Babu, tulisema nibaki. Muhula hatukuutaja."

"Na mwaka hatukuutaja."

"Basi tuutaje sasa."

"Mahindi hakuna, mwalimu, unaona mwenyewe!"

"Mahindi ya muhula huu hakuna. Ya muhula wa pili hujui wewe, sijui mimi, anajua Mungu. Mkinipa mwaka, muhula huu nitapokea nusu debe. Mkinipa muhula mmoja, ni debe zima, na liwe limepukuchuliwa."

Minong'ono ikapita kwenye madawati. Nusu debe ilikuwa imewagusa. Bi Faudhia akasema nusu debe yeye anatoa leo hii, dawati likimwachia. Mzee Mhina alimtazama Grasiana kwa jicho la mtu anayejua kwamba anauziwa kitu, na anajua pia kwamba atakinunua.

"Kuna jambo moja," akasema. "Hii ya kwetu ya kukopa na kulipa nayo wafundishwe. Isije ikapotea ikaonekana sisi tulikuwa tunabahatisha."

"Hiyo itafundishwa," Grasiana akasema, "lakini na mwenye nayo. Mimi siijui kama wewe unavyoijua. Njoo Jumatatu, kipindi cha pili."

"Mimi? Mbele ya watoto?"

"Umekuja mbele ya wazazi wao."

"Mwaka?" mzee akauliza.

"Mwaka."

Wakashikana mikono. Mwalimu Muhsin akaandika kwenye muhtasari kwamba kikao kimeafiki, na kwa furaha akasahau kuandika kimeafiki nini, ikabidi Grasiana asimame nyuma yake mpaka aandike nusu debe, mwaka mzima, na majina.

Jumatatu kipindi cha kwanza kilikwisha kwa kufungua matita ya Ernesti na kuyafunga upya kumi kumi. Tita moja likazaa matatu, na watoto wakadhani wametajirika. Kipindi cha pili Mzee Mhina aliingia na kofia yake. Watoto wakasimama wakamwamkia kwa pamoja, shikamoo babu, akairekebisha kofia. Akaandika hesabu ubaoni. Akasema kopa kumi. Wakasema, tuonyeshe kwa vijiti, babu.

Grasiana aliketi nyuma na rundo la madaftari ya kusahihisha. Tangu afike Sindeni hakuwa amepata kukaa kipindi kizima bila kusimama. Mbele, Mzee Mhina alikuwa ameongeza vijiti kumi upande wa juu, na sasa alikuwa anazunguka meza akitafuta tita la kuongeza upande wa chini, watoto wote wakimwelekeza kwa wakati mmoja, kila mmoja kwake. Kengele ya mapumziko ikalia. Mzee akamwomba mwalimu dakika moja tu. Grasiana akamwambia achukue anazotaka.